Kilima Kilichozama

Alhamisi asubuhi kilima cha Las Ánimas kilizama tena, milimita nne, na katika Idara ya Usawa hakuna hata mtu mmoja aliyetua kikombe chake cha kahawa.

"Nne," Macrina Xolalpa alisoma kwenye kioo cha mtambo. "Wiki iliyopita tatu. Na ile ya kabla yake, tatu."

"Kiacheni nacho kipumzike," alisema Don Hilario. "Katika jiji hili kila kitu kinazama. Kilima nacho kisimame, kimekuwa nani?"

Ofisi nzima ikacheka. Don Hilario Becerril alikuwa mkuu wa vipimo, mzee wa miaka sitini na minane mwenye masharubu meupe aliyoyatunza kuliko alivyoitunza afya yake, na wote walimwita Maestro kwa sababu nusu yao yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Macrina alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho na kipenzi chake, jambo ambalo wenzake walilijua na kulinung'unikia. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kila mwisho wa mwezi sahihi yake ndiyo iliyoiambia serikali mtaa wa Acalpan umepanda kiasi gani. Sahihi ya mwezi ule ilitakiwa kesho yake, Ijumaa, saa sita mchana.

Macrina hakucheka. Tangu Jumatatu alikuwa hatulii: akikaa anataka kusimama, akisimama anatafuta pa kukaa. Kilima cha Las Ánimas ni jiwe, mwamba mweusi uliotapikwa na volkano kabla binadamu hajaliona bonde lile. Tope huzama, hilo kila mtoto wa Meksiko analijua. Jiwe lizame liende wapi?

"Maestro, hiyo ripoti ya mashimo kileleni, nani aliwahi kuyaona hayo mashimo?"

"Ni machimbo ya zamani. Watu walichimba mawe ya kujengea makanisa, wakaacha matundu. Kilele kinabonyea, basi."

"Lakini nani ameyaona?"

Don Hilario alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye kahawa yake. "Binti, una kazi ya kesho. Achana na kilima."

Mtu akikuambia achana na jambo bila kukujibu swali, amekutuma ukalitazame. Macrina alichukua koti lake, akasema anakwenda ukaguzi, akatoka.

*

Gari la waya lilimbeba juu ya mapaa ya kusini-mashariki, na chini yake jiji lilitandaa hadi macho yakachoka.

Jiji hili lilijiponza lenyewe, na halikuanza jana. Wamexica wa kale walijenga mji wao mkuu kisiwani, katikati ya ziwa, kwa kuwa mungu wao aliwaambia wakae pale watakapomkuta tai ametua juu ya dungusi kakati. Wakaupanua kwa bustani za tope zilizoshikwa na mizizi ya miti, wakajenga ukuta wa kutenga maji matamu na maji ya chumvi, wakaishi na ziwa lao kama mtu anavyoishi na jirani mkali, kwa adabu na tahadhari. Wakaja Wahispania, wakaubomoa mji na kuyafanya maji kuwa adui. Waliyakausha karne baada ya karne. Na wajukuu waliozaliwa juu ya ziwa lililokaushwa walipoona kiu, wakachimba visima na kunyonya hata yale machache yaliyobaki ndani ya tope. Tope likinyonywa maji hunywea, na kilicho juu yake hushuka. Mitaa ikazama mita kumi, mingine kumi na tano. Makanisa yakainama. Mifereji ya majitaka iliyokuwa ikipita chini ya nyumba ikajikuta inapita juu yake, imeshikiliwa kwa kingo za zege. Wakazi waliishi wakitazama juu kuona uchafu wa watu milioni ishirini ukipita.

Acalpan ndiko alikozaliwa Macrina, na ndilo lililokuwa shimo kuliko mashimo yote. Miaka kumi iliyopita ukingo wa mfereji ulipasuka mchana wa Jumapili. Watu thelathini na saba walikufa ndani ya majitaka, na mmoja wao alikuwa baba yake, aliyekuwa amerudi kumtoa jirani. Mama yake alinusurika kwa kukaa darini siku mbili, na magoti yake hayakupona tangu siku hiyo.

Mwaka uliofuata ndipo ulipoanza Mradi wa Kuinua. Wanasayansi walikuwa wamezalisha vijidudu vinavyosokota ute ndani ya tope, ute unaoshika maji usiyaachie, na tope likavimba polepole kama unga uliotiwa hamira. Ute ulilishwa molasi na maji yaliyosafishwa, mchana na usiku, kwa pampu mia mbili. Acalpan nzima ilinukia sukari iliyoungua, na mvumo wa pampu haukukatika hata dakika moja kwa miaka minane na zaidi. Haukuweza kukatwa. Ute usipolishwa siku nzima hufa na kuoza, na ukioza maji huponyoka, ardhi ikarudi chini kuliko ilipoanzia. Ukimaliza miaka tisa hukomaa, ukawa mgumu kama jibini kavu, na hapo hauhitaji tena chakula wala mlinzi. Mwaka wa tisa ulibakiza wiki saba.

Kulikuwa na mpaka mmoja tu. Acalpan isipandishwe zaidi ya mita tatu, kwa sababu pale tope linapokutana na mwamba wa Las Ánimas kuna mshono, na upande mmoja ukiinuka mno huku mwingine umesimama, mshono hupasuka. Sheria ilikuwa fupi: kipimo kikivuka tatu, pampu zinajifunga zenyewe. Mwezi uliopita kipimo kilikuwa mbili nukta sita moja. Mwezi huu mtambo ulisema mbili nukta sita tatu. Nafasi ilikuwepo ya kutosha, na kila mtu alilala usingizi wake.

Macrina alishuka Acalpan na kwenda moja kwa moja kwenye bomba.

Wenyewe waliliita Kimbaombao. Lilikuwa bomba la chuma la kisima cha zamani, limeshuka mita mia tatu hadi kwenye tabaka gumu lisilozama. Mtaa ulipokuwa ukizama, bomba lilibaki pale pale, kwa hiyo mwaka hadi mwaka lilionekana kurefuka, mpaka likawapita watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Vizazi vinne vilipima kuzama kwao kwa bomba lile. Ukitaka kuapa Acalpan uliapa kwa Kimbaombao, kwa kuwa ndicho kitu pekee kisichokwenda popote. Basi Mradi ulipotafuta mahali pa kuanzia kuhesabu, wazee wa mtaa walionyesha bomba na Don Hilario akakubali. Bomba likawa sifuri. Mtambo nao ukafundishwa kwamba sifuri haitembei: setilaiti zikidai bomba limesogea, basi ni setilaiti zilizokosea, na kosa lao liondolewe kwenye kila kipimo.

Macrina alilizunguka bomba mara mbili. Mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau ulikuwa umelipanda tangu mwaka jana. Shina lake lilitoka ardhini, likashika kutu ya bomba kwa vikono vyake na kupanda. Alipiga magoti akalitazama shina kwa muda mrefu.

Ardhi iliyokuwa ikipanda ilipaswa kuteleza kando ya bomba. Ingekuwa hivyo, shina lingelegea na kupinda, kwa maana mizizi yake ingekuwa imesogezwa juu kukaribia vikono. Lakini lilikuwa limenyooka. Tope lenyewe lilikuwa limelikumbatia bomba kwa ule ute wake, bila nafasi ya kupitisha wembe.

"Tope linakwenda nalo," alisema kwa sauti. Tope lilikuwa likipanda na kulibeba bomba.

Kwa nini hakuna aliyelifikiria hilo? Kwa sababu walikuwa watu wa jiji hili. Katika jiji lolote jingine duniani, mtu angeambiwa kwamba ama kilima kimezama ama bomba limepanda, angecheka na kusema bomba. Hapa watu walikuwa wamezoea kuona kila kitu kikishuka karne nzima. Kilima kuzama walikubali bila kuuliza. Bomba kupanda hakukuwa na kichwa cha kuwaza hilo.

Alihitaji uhakika, na vyombo vyote vya Idara vilikuwa vimefungamana na mtambo uliofundishwa uongo. Akapanda kwa miguu hadi Las Ánimas kutafuta fundi mwashi mwenye mpira wa maji.

*

Alimpata karibu na kanisa. Don Crisóforo Medina alikuwa mwashi mstaafu, mjane, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya chokaa. Mpira wake wa maji, ule wa plastiki angavu ambao mafundi hushika ncha mbili ili maji yaonyeshe usawa, ulikuwa umening'inizwa ukutani.

"Idara ya Usawa inaazima mpira wangu?" alisema. "Makubwa! Nyie si mna nyota za angani, inge?" Ndivyo mafundi wa kule walivyomwita mhandisi yeyote.

"Nyota zimefundishwa vibaya, Don Cris. Maji hayajafundishwa na mtu."

Alama mbili zilikuwa zimechongwa kwenye mwamba siku Mradi ulipoanza, moja kileleni, nyingine kwenye kizingiti cha kanisa chini ya kilima. Kwenye daftari la zamani tofauti ya urefu wao ilikuwa mita ishirini na moja na sentimita arobaini. Ikiwa kilele kilikuwa kimebonyea juu ya mashimo, tofauti ile ingekuwa imepungua. Walishuka na mpira ule kutoka kileleni, yeye akishika ncha ya juu, mzee ya chini, wakiweka alama kwa chaki juu ya mawe, kuta, nguzo za umeme. Mara kumi na tisa walisimama, mara kumi na tisa maji yalitulia. Jua liliwachoma. Don Crisóforo aliongea njia nzima kuhusu bei ya saruji na uvivu wa vijana wa siku hizi.

Hesabu ilitoka mita ishirini na moja na sentimita arobaini na moja.

"Sentimita moja imezidi," alisema mzee kwa kuona haya. "Mikono yangu inatetemeka siku hizi."

"Si neno," alisema Macrina. Alikaa kwenye kizingiti, akaipitia hesabu upya. Kilele hakikubonyea, na mashimo hayakuwepo. Sentimita arobaini na mbili ambazo mtambo ulidai kilima kimeshuka, bomba ndilo lililokuwa limezipanda. Mbili nukta sita tatu, ongeza arobaini na mbili. Mita tatu na sentimita tano. Mpaka ulikuwa umevukwa, na hakuna aliyeuona ukipita.

"Don Cris, nyumba yako iko juu ya mwamba au juu ya tope?"

Mzee aliukunja mpira wake taratibu, mzunguko baada ya mzunguko.

"Jiko liko juu ya mwamba," alisema hatimaye. "Chumba kiko juu ya tope. Zamani kuingia chumbani nilikuwa nashuka vidaraja vitatu. Sasa napanda kimoja."

"Na ukuta?"

"Ukuta mzima."

"Don Cris."

"Nimesema ukuta mzima! Njoo uone, basi, kama huniamini."

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya samawati, mbichi, yenye harufu. Macrina alichukua kisu cha mezani akagusa katikati ya rangi, na kisu kikaingia hadi mpini bila kukutana na kitu. Alibandua plasta kwa mikono. Nyuma yake ulikuwa ufa ulioweza kumeza mkono wake hadi kiwiko, na kutoka ndani yake ilitoka hewa baridi yenye harufu ya kisima. Aliogopa. Aliogopa kweli, kama anavyoogopa mtoto, akautoa mkono haraka.

"Kila Jumamosi nauziba," alisema mzee, akitazama sakafu. "Mwaka mzima sasa. Majirani nao wananiita, nawazibia. Nyumba arobaini na moja kwenye mstari huu, inge, watu mia mbili na kumi na wanne, nawajua kwa majina. Tukisema, mnatupiga alama nyekundu na kutubomolea. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, mama yangu, nimeziba mpaka nimechoka."

"Hameni kwa wiki saba tu. Kimya kimya. Ute ukikomaa mtarudi."

Don Crisóforo alicheka, lakini si kwa furaha. "Bila karatasi? Baba yangu alihamishwa kwa mwezi mmoja, bila karatasi. Amezikwa ugenini. Nipe barua yenye muhuri, iseme nyumba hii ni yangu na nimetoka kwa sababu ya hatari, nitatoka leo hii na godoro kichwani. Bila barua, nitakaa hapa nizibe."

Barua ya muhuri ilitoka mahali pamoja tu, kwenye kipimo kilichotiwa sahihi. Na kipimo kile kikitiwa sahihi, pampu zingefungwa. Watu elfu sitini wa Acalpan wangeanza kushuka tena shimoni, mama yake akiwa miongoni mwao, na mvua zilikuwa mlangoni.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Macrina alifunga mlango wa ofisi ya Don Hilario na kumweleza yote, la mmea, la mpira wa maji na la ufa. Alieleza akitembea dirishani na kurudi, kwa maana kiti hakikukalika. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, akimenya chungwa.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Kilima kuzama!" Don Hilario aliweka chungwa chini. "Unanidhani mimi mjinga, binti? Miaka arobaini na mitano napima bonde hili. Nimejua tangu Juni ya mwaka jana."

Macrina alimtazama yule mtu aliyemfundisha kusoma darubini, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi alivyokonda.

"Ripoti ya machimbo nimeiandika mimi," mzee aliendelea. "Miezi kumi na moja nimekuachia usaini namba ambayo nilijua si kweli. Nilifikiri nitaubeba mwenyewe mzigo huu hadi mwisho. Sasa umeuona, basi nisaidie. Wiki saba, Macrina. Bomba nililichagua mimi, kosa ni langu, na nitajipeleka mwenyewe kwa hakimu siku ya hamsini. Lakini siku hiyo Acalpan itakuwa imesimama juu ya ardhi ngumu, na hakuna hakimu atakayeweza kuirudisha chini."

"Na mshono?"

"Umeshika miezi kumi na moja. Utashika wiki saba."

"Likipita tetemeko?"

"Likipita tetemeko, Mungu anajua. Pengine utashika hata hapo. Lakini pampu zikifungwa, hakuna pengine, hilo nalijua mimi na unalijua wewe. Mvua ya kwanza kubwa, ukingo, mfereji. Nimewazika wale thelathini na saba. Jeneza la baba yako nililibeba upande wa kushoto, miguuni. Elfu sitini kwa mia mbili na kumi na wanne. Pima mwenyewe, wewe ni mpimaji."

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu mzee hakuwa mwovu, na hesabu yake haikuwa mbaya. Macrina alimpenda. Alitaka, kwa moyo wake wote, mtu mwingine awe ndiye aliyeuona ule mmea. Alimfikiria mama yake akipanda ngazi kwa mikono, kidaraja kimoja kimoja, kwa sababu magoti yalikataa. Alifikiria kuandika mbili nukta sita tatu na kwenda nyumbani kula. Wiki saba si nyingi. Mtu huweza kuuma meno wiki saba.

"Maestro," alisema, "kama una hakika utashika, kwa nini hukuwaambia?"

Don Hilario alilichukua tena chungwa lake.

"Wangeamua wenyewe. Labda wangekubali. Don Crisóforo ana dada Acalpan, pengine angesema sawa, mimi nitalala hapa wiki saba kwa ajili yao. Ni mtu wa namna hiyo. Lakini hajui kwamba anabeba chochote. Anadhani ufa ni aibu ya nyumba yake, anaupaka rangi. Tumewatwisha watu mzigo tukawaambia ni kivuli."

"Ukiwaambia, sheria inafunga pampu."

"Najua."

"Na wa Acalpan? Wao nani kawauliza?"

"Hakuna," alisema Macrina, na machozi yalikuwa yameshamtoka. "Nao nitakwenda kuwaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Huyo wa Las Ánimas akifa, atakufa bila kujua kwamba sisi wawili tulikaa hapa tukamhesabu. Hilo siwezi. Nimejaribu tangu jana, Maestro. Siwezi."

Kamba hukatikia pembamba, wanasema watu. Lakini kamba hiyo ilikuwa na watu wawili waliojua wapi ni pembamba, na mmoja wao alikuwa amechoka kuivuta.

Don Hilario alisukuma kibao cha sahihi upande wake wa meza. Hakumzuia. Alisema tu, "Andika kwa mkono wako, basi. Usimwachie mtambo." Macrina aliandika tatu, nukta, sifuri, tano, akaweka kidole. Mtambo ulimuuliza kama ana hakika, kama vile na wenyewe ulitaka kumpa nafasi, naye akaweka kidole tena.

Ukutani kulikuwa na taa mia mbili za kijani, taa moja kwa kila pampu. Zilizimika safu kwa safu, kutoka kaskazini kwenda kusini, bila haraka. Ilichukua dakika tatu. Kabla ya taa ya mwisho kuzimika, barua za muhuri zilikuwa zimekwenda kwa nyumba arobaini na moja, na mabasi ya uokozi yalikuwa yamewashwa kuelekea Las Ánimas. Mzee alivua miwani, akafunika uso kwa mikono yenye maji ya chungwa, akalia kwa sauti mbele ya mwanafunzi wake. Macrina alikaa karibu naye hadi alipotulia.

*

Alifika Acalpan saa nane mchana. Alijua kabla hajashuka kwenye gari la waya, kwa sababu watu wote walikuwa nje.

Walisimama milangoni na katikati ya njia, wengine na vijiko mikononi. Hawakuwa wakipiga kelele. Ule mvumo wa pampu walikuwa wamekwisha kuuzoea hata wakasahau kwamba upo, na sasa ulipokoma kila mmoja alikuwa akisikia mbwa wa mtaa wa tatu, na kijiko cha jirani kikigonga sufuria. Walimtazama Macrina akipita na beji ya Idara shingoni. Mwanamke wa duka la mikate alimuuliza, "Zimeharibika, mwanangu? Zitarudi saa ngapi?"

"Hazijaharibika, Doña Eduviges. Nimezifunga mimi."

Alisema hivyo, akaeleza sababu, pale pale njiani, na akaeleza tena kwa waliofika nyuma, na tena. Wengine walimlaani. Mwanamume mmoja alitema mate karibu na viatu vyake. Mwingine aliuliza wale wa mlimani wametoka salama, na alipoambiwa mabasi yanawachukua, akaitikia kwa kichwa na kuingia ndani kwake. Doña Eduviges alianza kuingiza meza zake za mikate dukani, moja baada ya nyingine.

Mama yake alikuwa jikoni. Doña Encarnación alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Nyuma yake, katika chumba cha chini ambacho hakikulaliwa na mtu kwa miaka kumi, kulikuwa na kitanda chake kipya cha chuma, kimetandikwa shuka zenye mikunjo ya dukani. Alikuwa amekiteremsha wiki ile, bila kumwambia bintiye, ili asipande ngazi tena.

"Ni wangapi?" aliuliza mama. "Wale wa kule."

"Mia mbili na kumi na wanne."

"Watoto wamo?"

"Wamo."

Mama alikausha mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akaenda kwenye kitanda, akang'oa shuka na kuzitupa mabegani, akashika chuma cha upande wa kichwani.

"Mama, acha, nitaita mtu atusaidie."

"Nani atakusaidia leo?"

Wakakibeba wawili kukirudisha juu. Kwenye kidaraja cha tano magoti ya mama yalikataa, akakaa pale pale kwenye ngazi, kitanda kikiwa kimekwama baina yao, uzito wote ukimwelemea Macrina kwa chini. Mama aliegemea ukuta, akahema. Uso wake ulikuwa umeloa.

"Nimekukasirikia," alisema. "Usidhani sijakukasirikia. Nitakukasirikia mvua hizi zote, na za mwakani, nikiwa hai. Ungenyamaza, nisingejua, ningelala vizuri chini pale kama malkia."

"Najua, mama."

"Ungenyamaza, nikaja kujua baadaye, nisingekula tena kwenye meza moja na wewe." Alishika ukuta, akajivuta kusimama. "Haya, inua. Upande wako umeshuka."